Mvua ya Upareni inatoka wapi?

Nimekaa kimya muda mrefu, najua, na wengine mmeshanisema. Leo nimerudi na stori ndefu kidogo, kwa hiyo tafuta kikombe cha chai ukae vizuri.

Stori inaanzia nyumbani, Same. Vuli iliyopita nilipanda basi Mbezi alfajiri kwenda kumsalimia bibi. Mnaoijua barabara ile mnajua ilivyo. Ukishapita Korogwe na Mombo, Milima ya Usambara inakusindikiza kulia, kisha inaanza Milima ya Pare. Juu mlimani kijani, mawingu yamekaa kileleni kama kilemba. Chini barabarani, kuanzia Mkomazi, Hedaru mpaka Makanya, ni vumbi, mibuyu, mkonge na mbuzi. Milima ileile, umbali wa kilomita chache tu, dunia mbili tofauti. Tangu utoto nimepita pale na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Kijiji cha bibi kiko juu, chini kidogo ya msitu wa Chome, ule unaobeba kilele cha Shengena chenye mita 2,463. Nilifika jioni. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu. Umefika na vumbi, hukutuletea mvua?" Nikadhani ni utani. Kumbe hapakuwa na utani. Vuli ilikuwa imechelewa, na kesho yake kulikuwa na mkutano kwenye ndiva.

Kwa wasiojua: ndiva ni bwawa dogo la jadi la Wapare. Wazee wetu walilijenga kwa mawe na udongo, maji ya kijito yanaingia usiku yanajaa, asubuhi linafunguliwa na kila mtu anapata zamu yake shambani kwa kufuata mfereji. Ndiva ina kamati, ina sheria na ina faini. Ilikuwepo kabla ya Mjerumani na bado ipo. Siku ile ndiva ilikuwa imejaa nusu tu.

Mkutanoni mzee mmoja alisimama akasema mvua imekimbia kwa sababu msitu umekatwa. Zamani mikulo ilikuwa minene, mtu mmoja hawezi kuikumbatia, leo imeishia kwenye mbao. Akaendelea: na bado kuna watu wanalima tangawizi mpaka mdomoni mwa chemchemi. Watu wakageuka kumtazama mjomba wangu. Shamba lake la tangawizi ndilo lililo jirani kabisa na chemchemi, na ndilo linalomsomeshea watoto. Pendekezo la mzee lilikuwa fupi: shamba lile lifungwe, miti irudi, mvua itarudi.

Hapo akasimama mwalimu kijana wa shule ya msingi. Kwa heshima zote akasema, wazee wangu, mvua haitoki kwenye miti. Mvua inatoka Bahari ya Hindi, inaletwa na upepo. Hata tukipanda miti mpaka mlangoni, bahari isipoleta mvuke hatupati kitu. Kwa nini tumfukuze mtu shambani kwa jambo lisilomhusu?

Kelele zikaanza. Kisha mtu mmoja akasema, "Muulizeni huyu mwandishi wa habari, si amesoma?" Jamani! Nilijikuna kichwa. Nikasema maneno fulani kuhusu mabadiliko ya tabianchi, maneno yale tunayoyasema wote tusipokuwa na jibu. Mzee akanitazama akacheka. Mkutano ukaahirishwa.

Nilirudi Dar na aibu yangu, nikaanza kusoma. Nilichokikuta kilinishangaza: kuna watu wamekaa karibu miaka mia wakiuliza swali lilelile la kwenye ndiva. Tone hili la maji limetoka wapi kabla ya kuniangukia? Na wamepata njia ya kuliuliza tone lenyewe likajibu. Hiyo ndiyo historia ninayotaka kuwasimulia leo.

Haya, tuanze na maji yenyewe. Shuleni tuliambiwa maji ni haidrojeni mbili na oksijeni moja, basi. Hatukuambiwa kwamba atomu za aina moja zinaweza kutofautiana uzito. Mwaka 1929 Wamarekani wawili, William Giauque na Herrick Johnston, waligundua kwamba kuna oksijeni nzito, yenye uzito wa 18 badala ya 16. Miaka miwili baadaye, 1931, Harold Urey akagundua haidrojeni nzito, ikaitwa deuteriamu, na 1934 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Atomu hizo ndugu zenye uzito tofauti ndizo zinazoitwa isotopu. Katika kila molekuli 500 hivi za maji, moja ina oksijeni nzito. Zenye haidrojeni nzito ni chache zaidi, moja katika kila 3,200 hivi. Huwezi kuionja tofauti hiyo kwenye glasi, lakini ipo.

Sasa sikia utamu wake. Bahari ikipigwa jua, molekuli nyepesi hupaa kirahisi kuliko nzito. Mvuke ukipoa na kuwa mvua, nzito ndizo zinazotangulia kuanguka. Mfikirie abiria wa basi la Tanga kwenda Same. Wenye mizigo mizito wanapata shida kupanda, kwa hiyo tangu Tanga basi limejaa zaidi watu wenye mizigo miepesi. Halafu wenye mizigo mizito ndio wanaoshuka mapema: wengine Muheza, wengine Korogwe, wengine Mombo. Basi likifika Same waliobaki ni wenye vibegi vya mgongoni tu. Ukisimama stendi ya Same ukahesabu mizigo ya abiria, unaweza kukisia basi limetoka mbali kiasi gani na limeshusha watu wangapi njiani. Wanasayansi wanaufanyia mvuke wa maji hesabu hiyohiyo.

Aliyelitambua jambo hili vizuri kwenye mvua ni Mdenmarki mmoja, Willi Dansgaard, na alilitambua kwa chupa ya bia. Sitanii. Juni 1952, mvua kubwa ikiwa inakuja Copenhagen, alitia mrija wa faneli kwenye chupa tupu ya bia akaiweka kwenye majani nje ya nyumba yake. Akawa anakusanya maji kadiri mvua ilivyoendelea, kisha akayapima maabara. Akaona uzito wa maji unabadilika kadiri mawingu yanavyobadilika. Mvua ileile, ila tone la mwanzo si sawa na la mwisho. Kutoka kwenye chupa ile alifika mbali sana, mpaka kwenye barafu ya Greenland, na mwaka 1964 akaandika makala ambayo hadi leo wanafunzi wa fani hii wanaanzia hapo.

Katikati yake, 1961, Mmarekani Harmon Craig alikusanya vipimo vya maji ya mito, maziwa na mvua kutoka sehemu mbalimbali za dunia akagundua kwamba vinalala kwenye mstari mmoja. Chukua kipimo cha oksijeni nzito, zidisha kwa 8, jumlisha 10, unapata kipimo cha haidrojeni nzito. Maji yakikaa nje ya mstari huo, ujue yamepitia kitu kingine njiani. Pengine yamekauka kidogo ziwani, pengine yamepaa mara ya pili.

Hapa Afrika Mashariki inaingia kwenye stori, na inaingia kupitia mlango mbaya: mabomu. Miaka ya 1950 mataifa makubwa yalikuwa yanajaribu mabomu ya haidrojeni angani, na mabomu yale yakamwaga tritiamu, haidrojeni nzito zaidi na yenye mionzi, kwenye hewa ya dunia nzima. Kilele kilifika 1963, mwaka uliosainiwa mkataba wa kusimamisha majaribio ya angani. Watu wakataka kujua uchafu ule unakwenda wapi. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki la Vienna na Shirika la Hali ya Hewa Duniani wakaanzisha mtandao wa vituo vya kukusanya mvua kila mwezi. Mpango ulianza 1958 na kazi yenyewe ikashika kasi 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru na Mwenge ukapandishwa Kilimanjaro.

Dar es Salaam na Entebbe ni kati ya vituo vya mwanzo vya ukanda wetu. Hebu fikiria: mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati Nyerere anajenga taifa, kulikuwa na mtu Dar es Salaam ambaye kila mwezi anafunga chupa ya maji ya mvua vizuri isivuje mvuke, anaiandika tarehe, inapelekwa kupimwa. Sijui kama aliambiwa ina maana gani. Chupa zile leo ni kama nyaraka, tena nyaraka zisizoweza kuandikwa upya, kwa sababu mvua ile haitanyesha tena.

Vipimo vya ukanda huu vilitoa fumbo moja maarufu. Addis Ababa iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Kwa kanuni, ukipanda mlima mvua inazidi kuwa nyepesi: kila mita 100, oksijeni nzito inapungua kwa sehemu 0.15 hadi 0.5 katika elfu. Kwa hiyo mvua ya Addis ilitakiwa iwe nyepesi sana. Haiko hivyo. Ni nzito kuliko inavyotarajiwa. Wataalamu wamebishana miaka mingi, na maelezo mojawapo ni kwamba sehemu ya mvuke wake imerudishwa angani na misitu na mabwawa makubwa ya Afrika ya kati, baada ya kunyesha mara ya kwanza. Yaani mvua iliyopanda basi mara mbili.

Tulia hapo kwenye kupanda mara mbili, maana ndipo mzee wa ndiva na mwalimu wanapokutana.

Mvua ikinyesha, maji yanaweza kurudi angani kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kukauka ziwani au kwenye dimbwi, na hapo nyepesi ndizo zinazoondoka, nzito zinabaki. Njia ya pili ni kupitia mti. Mizizi inakunywa maji ya udongoni bila kubagua nzito na nyepesi, na majani, ukichukua wastani wa siku, yanayatoa vilevile yalivyoingia. Turudi kwenye basi letu. Ziwa ni stendi ambayo wenye vibegi tu ndio wanaorudi kwenye basi. Mti ni stendi ambayo abiria walioshuka wanarudi wote, na mizigo yao. Kwa hiyo basi likipita kwenye msitu mkubwa, unaona kitu cha ajabu: limesafiri mbali, limeshusha watu njia nzima, lakini bado lina watu wenye mizigo mizito.

Mwaka 1979 Mbrazili Eneas Salati na wenzake walitumia ujanja huu Amazon. Walipima mvua kutoka pwani kuingia ndani ya bara, wakakuta haiwi nyepesi kwa kasi inayotarajiwa. Hitimisho lao ni kwamba karibu nusu ya mvua ya bonde lile inatokana na maji ambayo msitu wenyewe umeyarudisha angani. Kabla ya hapo, kusema msitu unaleta mvua kulionekana ni imani za vijijini. Baada ya Salati, wasomi wakaanza kuwa wapole.

Lakini msikimbilie kumshangilia mzee. Pare si Amazon. Sisi tuko karibu na bahari. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba mpaka Machi, kusi inashika kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi, na katikati ya pepo hizo mbili ndipo tunapata masika na vuli. Upepo unaotoka baharini ukikutana na Usambara na Pare unalazimika kupanda, ukipanda unapoa, ukipoa unamwaga. Ukishavuka na kushuka upande wa pili umekauka. Same mjini, mahali pa mita 860 hivi, pako upande huo uliokauka. Ndiyo maana milima ileile ina dunia mbili. Kwa hiyo mwalimu ana hoja: basi letu limetoka baharini, na limetoka karibuni.

Na bahari ikikohoa tunaumwa. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 kila mtu wa rika langu anazikumbuka au amesimuliwa. Kutokana na mwaka ule, mwaka 1999 wanasayansi wakaupa jina mtindo wa Bahari ya Hindi wa upande wa magharibi kupata joto huku wa mashariki ukipoa: kwa Kiswahili chepesi tuseme ni mizani ya bahari. Mizani ikielemea upande wetu, tunafurika kama vuli ya 2019. Ikielemea kule Indonesia, vuli yetu inakufa. Hapo mzee na mikulo yake hana la kufanya.

Hata huo mlima jirani yetu unasema hivyo. Ukiwa Same siku isiyo na mawingu unaiona Kilimanjaro. Mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Marekani alipanda na timu yake wakatoboa barafu ya juu na kutoa nguzo sita. Mwaka 2002 wakaandika kwamba barafu ya chini kabisa ina umri wa miaka 11,700 hivi, wakisoma isotopu za oksijeni tabaka kwa tabaka kama kurasa. Wakasema pia kwamba asilimia 80 ya barafu ilikuwa imepotea kati ya 1912 na 2000, na kwamba iliyobaki ingeweza kwisha kati ya 2015 na 2020. Magazeti yetu yaliibeba ile tarehe ya kwisha. Barafu haikwisha. Inaendelea kupungua, lakini ipo.

Hapa kuna funzo kwetu waandishi. Mwaka 2004 kundi jingine, akiwemo Mtanzania Tharsis Hyera wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, liliandika kwamba kupungua kwa barafu ile kunaelezwa zaidi na hewa kuwa kavu: kuanzia mwisho wa karne ya 19 unyevu wa Afrika Mashariki ulishuka ghafla, theluji ikapungua, mawingu yakapungua, jua likaipiga barafu. Yaani hata barafu ya Kilimanjaro ni stori ya mvuke unaotoka baharini. Na wanaosoma historia ya Upare wanajua miaka ile ya mwisho wa karne ya 19 ilikuwaje huku chini: sotoka iliyoua ng'ombe, ukame na njaa, halafu Mjerumani. Mlima ulikuwa unaandika kwa barafu, bibi zetu walikuwa wanaandika kwa majina ya njaa.

Kuna daftari jingine karibu zaidi, Ziwa Challa, pale Rombo mpakani na Kenya. Majani ya miti yana nta, na nta hiyo inahifadhi haidrojeni ya mvua iliyounywesha mti. Majani yanaanguka, nta inazama kwenye tope la ziwa, tope linapangana mwaka hadi mwaka. Watafiti wamesoma tope lile miaka 25,000 kurudi nyuma, na Novemba 2016 mradi mwingine ulichimba chini zaidi, takriban miaka 250,000. Nchi yetu imekuwa kavu, ikawa mbichi, ikawa kavu tena, kabla hata hajazaliwa mtu wa kukata mkulo.

Kwa hiyo mwalimu ameshinda? Hata mimi nilidhani hivyo. Nilishika simu nimpigie mjomba nimwambie shamba lako limepona. Kisha nikakutana na utafiti wa 1988.

Wanasayansi wawili, Neil Ingraham na Robert Matthews, walifanya kazi kaskazini mwa Kenya, kwenye milima yenye misitu iliyozungukwa na nyika kavu. Ukiisoma picha hiyo huku umefumba macho utadhani ni Upareni. Swali lao lilikuwa: maji ya ardhini pale yanatoka wapi, wakati mvua ni ndogo? Wakapima mvua, wakapima maji ya ardhini, na wakapima kitu ambacho sisi hatukihesabu kabisa, ukungu unaodondoka kutoka kwenye majani.

Ukungu una alama yake. Wingu linapogusa mlima ndiyo kwanza mvuke unaanza kuganda, kwa hiyo matone yake ni yale ya mwanzo, yaliyo mazito kuliko mvua. Ni abiria wa Muheza. Walipopima maji ya ardhini wakaikuta alama ile ya ukungu ndani yake. Maji yale hayakuwa yameshuka kama mvua peke yake. Yalikuwa yamechanwa kutoka kwenye wingu na matawi ya miti, yakadondoka, yakazama.

Soma tena, ndugu msomaji. Kipima mvua cha kituo cha hali ya hewa pale Same hakiwezi kuyahesabu maji hayo, kwa sababu hayanyeshi. Bila mti wa kulipokea, wingu linapita juu ya mlima na kwenda zake. Kule Kilimanjaro, Mjerumani Andreas Hemp naye alionyesha mwaka 2005 kwamba moto ulioteketeza misitu ya juu umeunyang'anya mlima maji ya ukungu, na hasara hiyo ni kubwa kuliko ile ya barafu tunayoililia.

Na kwetu kwenyewe je? Kuanzia miaka ya 2000 mwanzoni Chuo Kikuu cha Sokoine na washirika wake, wakiwemo Waholanzi, walifanya utafiti katika bonde la Makanya. Mtafiti Marloes Mul na wenzake walipima kemikali za maji ya chemchemi na vijito vya huko Vudee na jirani zake. Walikuta kwamba kwa mvua za kawaida, sehemu kubwa ya maji ya kijito hayatoki kwenye mvua iliyonyesha jana. Yanatoka ardhini, yamekaa humo, yanatoka taratibu. Na ilipokuja mvua kubwa isiyo ya kawaida ya tarehe 1 Machi 2006, iliachana sana kati ya bonde na bonde, huku mafuriko, kule kawaida tu.

Unganisha sasa. Bahari inaleta mvuke. Mlima unausimamisha. Mti unauchana ukungu. Udongo wenye mizizi unayameza maji na kuyatunza. Chemchemi inayatoa. Ndiva inayagawa. Ndiva ikipungua, unaweza kulaumu bahari kwa mwaka mmoja. Ikipungua kila mwaka hata baada ya masika nzuri, uliza kuhusu mti na udongo.

Kuna kitu kimoja zaidi ambacho hakikusemwa kwenye mkutano. Mwaka 2010 Waholanzi Ruud van der Ent, Hubert Savenije na wenzao walipiga hesabu za upepo na mvuke wa dunia nzima. Wakapata kwamba kwa wastani asilimia 40 ya mvua ya nchi kavu inatokana na maji yaliyopaa kutoka nchi kavu. Na chanzo kikuu cha mvua ya bonde la Kongo ni mvuke unaotoka Afrika Mashariki, hasa ukanda wa Maziwa Makuu. Huyo Savenije ndiye huyohuyo aliyefanya kazi na Mul kule Makanya. Kwa hiyo maji yanayotoka kwenye majani ya ukanda wetu hayarudi lazima kwetu, mengi yanakwenda magharibi kumnyeshea Mkongo. Mzee anapotaka msitu uilete mvua ya kijiji chake, anaomba kitu kikubwa mno. Anapotaka msitu ulinde maji ya kijiji chake, ana haki kabisa.

Siku hizi chupa ya bia haihitajiki tena. Zamani kuupima mvuke wenyewe, kabla haujawa mvua, ilikuwa kazi ya kuugandisha kwenye mrija wa baridi kali halafu kusafirisha barafu hiyo mpaka maabara. Kuanzia miaka ya 2000 kuna mashine za leza zinazopima mvuke palepale, sekunde kwa sekunde. Setilaiti nazo zinauona kutoka juu: kifaa kimoja kilirushwa 2002, kingine 2004, na ramani zake zikatoka 2007 na 2009. Dunia nzima imechorwa rangi kufuata uzito wa mvuke. Nimeitazama Afrika Mashariki kwenye ramani hizo muda mrefu. Pare haionekani. Alama moja ya ramani ni kubwa kuliko wilaya yetu.

Ndiyo maana bado nawaza ile chupa ya Dansgaard. Shule ya sekondari yoyote ya Same inaweza kuweka chupa na faneli, moja mjini, moja Mwembe, moja juu Chome, na nyingine chini ya mti unaodondosha ukungu. Kupima ndiyo gharama, kukusanya ni nidhamu tu. Wazee waliojenga ndiva walikuwa na nidhamu hiyo bila kuambiwa na mtu.

Na mjini tusijione tumepona. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, uliosubiriwa zaidi ya miaka kumi. Maji yanatoka bwawa la Nyumba ya Mungu, na bwawa linajazwa na mito ya Ruvu na Kikuletwa inayoteremka kutoka Kilimanjaro na Meru. Ukifungua bomba Same mjini leo unakunywa mvua ya mlima wa jirani, na ukungu wa msitu wa jirani. Swali la ndiva limehamia kwenye bomba, bei ndiyo imebadilika.

Nilimpigia mjomba, lakini si kwa habari niliyokuwa nimekusudia. Nilimwambia mwalimu ana haki kuhusu mvua, na mzee ana haki kuhusu chemchemi, na shamba lake liko kwenye chemchemi. Alinyamaza. Kisha akaniuliza, "Na ada ya watoto italipwa na ukungu?" Sikuwa na jibu, na hakuna mashine ya leza inayolijibu hilo.

Bibi ameniambia kamati ilikaa tena. Sehemu ya juu ya shamba, ile inayogusa chemchemi, imeachwa, wamepanda miti ya asili. Mjomba amebaki na ya chini, na kamati imemwongezea zamu ya maji. Haijamfurahisha. Anasema mjukuu wa bibi alikwenda mjini kusoma, akarudi kumnyang'anya tangawizi.

Safari ijayo nikienda nabeba chupa tupu na faneli. Nimeshamwambia bibi. Ameuliza kama chupa yenyewe itakuwa na kitu ndani.

Wenzangu wa Usambara, Uluguru, Taita na Kilimanjaro, kwenu wazee wanasemaje kuhusu mvua inakotoka? Niandikieni. Tutaonana tena, Mungu akipenda.